Farasi Mzito wa Uingereza: Mfugaji Hutaka Nini?

SOMO LA HISTORIA KWA WATU WAZIMA

Wewe uliye darasani pamoja na wenzako, na wewe usomaye peke yako nyumbani kwa taa, kaa vizuri tuanze. Kama una kalamu na daftari, viweke karibu, maana mwisho wa somo kuna maswali ya kujibu.

Leo tutasoma habari za mnyama ambaye wengi wetu hatujapata kumwona kwa macho. Mnyama huyo ni farasi mzito wa kukokota. Huku kwetu Afrika ya Mashariki kazi ya kuvuta plau na gari tumezoea kuiona ikifanywa na maksai na punda. Mbung'o na maradhi ya farasi yamemzuia farasi asienee katika sehemu nyingi za nchi zetu. Lakini huko Ulaya, kwa muda wa miaka 200 hivi, farasi mzito ndiye aliyelima mashamba, akavuta mashua za mizigo kwenye mifereji, na kubeba mapipa na makaa katika miji.

Utaniuliza: ya nini basi kujifunza habari zake? Nitakujibu. Farasi huyu anatuonyesha wazi jambo linalomhusu kila mfugaji, awe wa ng'ombe, wa mbuzi au wa kuku. Mnyama wa kufugwa hufuata matakwa ya yule anayemchagulia dume na jike. Akichagua vema, vizazi hufaidika. Akichagua vibaya, vizazi huumia. Na mara nyingi mwenye kuumia si mfugaji, bali ni mnyama mwenyewe.

JINSI FARASI MZITO ANAVYOFANYA KAZI

Kwanza tumfahamu mnyama wetu. Farasi mkubwa wa namna iitwayo Shire huweza kufika kilo 1,000, yaani tani moja. Huo ni uzito wa watu wazima kumi na watano hivi. Ukisimama karibu naye, mabega yake yanalingana na macho yako, au yanapita kichwa chako.

Watu husema kwamba farasi huvuta mzigo. Kwa kweli husukuma. Shingoni huvikwa kola nene ya ngozi iliyojazwa majani makavu, na minyororo ya mzigo hufungwa kwenye kola hiyo. Farasi huinamisha kichwa, huiegemea kola kwa mabega, kisha huikaza miguu ya nyuma. Uzito wa mwili wake mwenyewe humsaidia kuung'oa mzigo mahali ulipo.

Kwa hiyo mtu atakaye farasi wa kukokota hutafuta mambo manne: mwili mzito, mabega mapana, miguu ya nyuma yenye nguvu, na kwato zilizo nzima. Waingereza wana msemo wa zamani kwamba pasipo ukwato hapana farasi. Yakumbuke mambo hayo manne. Tutayarudia.

BWANA BAKEWELL WA DISHLEY

Katika karne ya 18 aliishi Uingereza mkulima mmoja jina lake Robert Bakewell. Alizaliwa mwaka 1725, akafa mwaka 1795. Shamba lake lilikuwa mahali paitwapo Dishley, katika jimbo la Leicestershire. Bakewell alifuga kondoo, ng'ombe, na farasi weusi wa kukokota, na ili kuwaboresha farasi hao alileta majike kutoka Uholanzi.

Kabla ya wakati wake wafugaji wengi waliwaacha wanyama wapandane ovyo malishoni. Bakewell aliwatenga madume na majike. Aliamua kwanza anataka mnyama wa namna gani, ndipo akachagua dume na jike wa kumpa mnyama huyo. Tena alikuwa na hila moja ya busara: mara nyingi hakuyauza madume yake bora, aliyakodisha. Wakulima waliyachukua kwa msimu mmoja, kisha wakayarudisha. Kwa njia hiyo aliweza kuwaona watoto wa dume mmoja katika mashamba mengi, akajua kama sifa zake njema zinarithiwa au la.

Hapa pana fundisho la kwanza. Dume hupimwa kwa watoto wake, si kwa ngozi yake inayong'aa. Mnyama mzuri wa macho anaweza kuzaa watoto wa hovyo. Huwezi kujua mpaka uwaone watoto.

FARASI WA SUFFOLK: MATAKWA YA MKULIMA

Sasa twende mashariki ya Uingereza, katika jimbo la Suffolk. Udongo wa huko kwa sehemu kubwa ni mfinyanzi mzito. Mvua ikinyesha, udongo hung'ang'ania plau, na huganda miguuni mwa mnyama. Wakulima wa huko walijifugia farasi wao wenyewe, na jina lake ni Suffolk Punch. Neno hilo la pili lina maana ya mtu au mnyama mfupi aliyejaa mwili.

Mwangalie farasi huyo, halafu uone jinsi kila kiungo chake kinavyoeleza kazi yake. Miguu yake ni mifupi, ili nguvu yake iwe karibu na ardhi. Miguu hiyo haina singa ndefu, yaani nywele ndefu kama zile za shingoni na mkiani, kwa sababu matope yangeganda humo. Tumbo lake ni kubwa, nalo hubeba chakula kingi, ili aweze kufanya kazi saa nyingi bila kusimama kula. Rangi yake ni moja tu, kahawia iliyoelekea wekundu, ingawa wafugaji huigawa rangi hiyo katika namna saba, kutoka iliyokolea hadi iliyopauka.

Farasi wote wa Suffolk walio hai leo, ukifuata ukoo wa baba, hurudi kwa dume mmoja aliyezaliwa mwaka 1768. Mwenyewe alikuwa Thomas Crisp wa kijiji cha Ufford.

Wakulima hao walimpimaje farasi? Walimfunga kwenye mti mzito uliokatwa na kulala chini, wakamwamuru avute. Mti usipojongea, si kitu. Walichokitazama ni kama farasi atajitoa kwa moyo wote, hata apige magoti kwa kusukuma. Aliyepiga magoti alisifiwa. Waona? Hawakutaka nguvu peke yake, walitaka pia moyo wa kazi.

Hata hivyo farasi wa Suffolk alikuwa na kasoro. Alilaumiwa kwa sababu ya kwato zake ndogo na dhaifu. Katika udongo laini wa shamba kasoro hiyo yaweza kujificha. Lakini mpeleke farasi huyo mjini, akanyage barabara ya mawe siku nzima, nayo itaonekana upesi.

Je, wafugaji walifanya nini? Chama chao kilianzishwa mwaka 1877. Katika maonyesho yao waliweka mashindano ya kwato peke yake. Waamuzi walizikagua kwato, wakampa zawadi mwenye kwato bora. Jambo hilo ni nadra sana katika ufugaji wa farasi. Na matokeo yake? Vizazi vilipopita, kwato za farasi wa Suffolk zikawa nzuri, na leo zinasifiwa. Walitoa zawadi kwa kitu walichokihitaji, na kitu hicho wakakipata.

FARASI WA SHIRE: MABWANA WAWILI

Sasa tuingie katikati ya Uingereza, na katika nchi tambarare zilizokuwa mabwawa zamani. Huko ndiko alikotoka farasi wa Shire, jamaa wa wale farasi weusi wa Bakewell.

Mfugaji wa Shire alikuwa na mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni shamba lake mwenyewe. Farasi kijana alifunzwa kazi kwa upole, akalima miaka michache, akalipia chakula chake. Bwana wa pili ni mji. Farasi alipofika umri wa miaka mitano au sita, akiwa amekomaa, aliuzwa kwa bei nzuri London, Liverpool au Manchester, akavute mapipa ya bia, makaa ya mawe au mizigo ya stesheni na bandari. Fedha hizo zilisaidia kulipa kodi ya shamba.

Mnunuzi wa mjini alitaka uzito. Barabara za mawe huteleza, hasa zikilowa, na farasi mwepesi hana mkanyago wa kutosha mbele ya gari la tani kadhaa. Kwa hiyo wafugaji wakatafuta ukubwa. Mmoja wa farasi hao, aliyezaliwa mwaka 1846 katika jimbo la Bedfordshire na kuitwa Sampson, alifika kimo cha futi 7 na inchi 2 mabegani, na uzito wa kilo 1,500 hivi. Alikuwa mmoja wa farasi wakubwa kuliko wote waliopata kuandikwa.

Mwaka 1878 wafugaji waliunda chama chao, na mwaka 1884 chama hicho kikachukua jina la Shire. Waliandika kitabu cha nasaba, ili baba na mama wa kila farasi wajulikane. Kuanzia mwaka 1880 walifanya maonyesho makubwa London. Mambo haya yalikuwa mema. Lakini maonyesho yakaleta bwana wa tatu, ambaye hakuwa na shamba wala gari. Bwana huyo ni mwamuzi wa zawadi.

Fikiri nami kidogo. Dume akishinda London, mwenye dume hutoza ada kubwa kwa kila jike anayeletewa. Wafugaji wengi hutaka mtoto wake. Baada ya miaka michache wilaya nzima hujaa watoto wanaofanana na mshindi. Basi neno moja la mwamuzi huingia katika miili ya farasi mamia. Ndiyo maana yafaa tuulize: mwamuzi alipenda nini?

Alipenda mifupa minene, na hilo lilikuwa na maana. Lakini alipenda pia singa nyingi za miguuni, zilizofunika ukwato kama sketi. Wafugaji waliamini kwamba singa nyingi ni dalili ya mfupa mnene. Wakaacha kutazama mfupa, wakatazama dalili. Kabla ya maonyesho singa zilioshwa kwa sabuni, zikapakwa vumbi la mbao ili zikauke na kumeta, zikachanwa kama nywele za bibi harusi. Watazamaji walifurahi.

Mkulima wa udongo mzito hakufurahi. Kila jioni ilimpasa kusafisha matope yaliyoganda. Wanunuzi wa Marekani nao walilalamika juu ya singa hizo, na wengi wakapendelea farasi wa Ufaransa aitwaye Percheron, na farasi wa Ubelgiji, ambao miguu yao ni misafi zaidi.

Tena kulikuwa na ugonjwa. Chini ya singa nene ngozi hukaa na unyevu, na wadudu wadogo wa upele hujificha humo. Ngozi huwasha, huvimba, na kutoa majimaji. Farasi hukanyagakanyaga usiku kucha asipate usingizi. Wafugaji wa zamani waliujua ugonjwa huu. Katika miaka ya 2000 madaktari wa mifugo wa Marekani na Ubelgiji wameeleza zaidi: farasi wazito wengi wenye singa, kama Shire, Clydesdale na yule wa Ubelgiji, hupata udhaifu wa mishipa ipitishayo maji ya mwili, na miguu yao huvimba na kufanya mikunjo migumu. Ugonjwa huo huweza kutulizwa, lakini haujapatiwa dawa ya kuuponya kabisa. Tena huzidi kadiri mnyama anavyozeeka.

WASKOTI NA FARASI WA PAUNI 9,500

Kaskazini, katika nchi ya Scotland, wafugaji walikuwa na farasi wao aitwaye Clydesdale. Wao walishika jambo moja kwa nguvu: miguu na kwato kwanza. Walisema kwamba sehemu ya juu ya farasi yaweza kurekebika katika vizazi vijavyo, lakini miguu mibaya haitengenezeki. Walitaka farasi anyanyue mguu juu na kwenda sawa, hata ukiwa nyuma yake uione chini ya kila ukwato.

Tazama jinsi walivyothamini dume mzuri. Mwaka 1900 alizaliwa farasi aliyeitwa Baron of Buchlyvie. Watu wawili waliokuwa na hisa katika farasi huyo waligombana, na kesi yao ikafika mpaka Baraza la Malodi huko London. Mwishowe, mwaka 1911, farasi aliuzwa kwa mnada katika mji wa Ayr kwa pauni 9,500. Siku hizo mfanyakazi wa shamba hakupata hata pauni 100 kwa mwaka. Fedha za farasi huyo mmoja asingezipata hata kama angefanya kazi miaka tisini. Na farasi mwenyewe? Mwaka 1914 alipigwa teke na farasi jike, akavunjika mguu, akafa. Mifupa yake imewekwa katika jumba la makumbusho la Kelvingrove, mjini Glasgow.

Lakini hata shauri jema likizidishwa huharibika. Watu walipotazama miguu peke yake, farasi wengine wa Clydesdale wakawa wembamba wa mwili, wakakosa uzito wa kutosha. Wapinzani wao waliwalaumu kwa hilo. Unaona, msikilizaji, kila sifa ina mpaka wake.

VITA NA TREKTA

Mwezi wa Agosti 1914 vita kuu ya kwanza ilianza. Serikali ya Uingereza ilichukua farasi zaidi ya 100,000 mashambani na mijini katika siku chache. Wakulima wengi waliona wanyama wao wakiondoka wasirudi. Mwaka 1918 ikatungwa sheria kwamba dume wa kutembezwa kupanda majike sharti awe na leseni, na daktari wa mifugo ahakikishe kwamba hana ubovu wa kurithiwa. Sasa haikutosha kumpendeza mwamuzi.

Halafu likaja trekta. Farasi hula kila siku, hata siku ya mvua asipofanya kazi, na mkulima hutenga sehemu ya shamba kwa ajili ya nafaka yake. Trekta likisimama halili. Baada ya vita kuu ya pili, iliyokwisha mwaka 1945, matrekta yaliongezeka upesi, na farasi waliuzwa kwa maelfu wakachinjwe.

Mwaka 1955 farasi wa Shire walioletwa kwenye maonyesho yao ya mwaka hawakufika 100. Mwaka 1966 watoto wa Suffolk walioandikwa kitabuni walikuwa tisa tu. Tisa! Namna nzima ya wanyama iliyojengwa na mikono ya watu kwa miaka 200 ilikuwa karibu kutoweka.

MATAKWA YA SIKU HIZI

Hawakutoweka. Watu wachache waliendelea kuwafuga, na mwaka 1973 ikaundwa Uingereza taasisi ya kuwalinda mifugo walio adimu. Lakini kazi imebadilika, na matakwa yamebadilika pia. Katika miaka ya 1950 na 1960 wafugaji wa Shire walitia damu ya Clydesdale, na singa zikapungua, zikawa laini. Farasi wa leo mara nyingi ni mrefu na mwembamba kuliko babu yake, kwa sababu hutakiwa kupendeza mbele ya gari la maonyesho. Wengine huvuta magogo katika misitu ambamo trekta lingeharibu miche na udongo.

Kwa farasi wa Suffolk shabaha ya kwanza sasa si kimo wala zawadi. Ni kupata watoto wa kutosha, hasa majike, na kuepuka kupandisha ndugu kwa ndugu, maana waliobaki wote ni jamaa. Mwaka 2020 alizaliwa Uingereza mtoto jike wa Suffolk kwa mbegu za dume zilizochaguliwa kwa ufundi wa maabara, ili mtoto awe jike na si dume. Wafugaji walishangilia kama watu waliopata mvua baada ya ukame.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu yangu, nimekupitisha njia ndefu. Sasa tuyakusanye.

Wafugaji wote niliowataja walikuwa watu hodari, waliowapenda wanyama wao. Tofauti yao ni moja. Wengine waliuliza: mnyama huyu atafanya kazi gani, na mwili gani utamfaa kwa kazi hiyo? Wengine waliuliza: kitu gani kitasifiwa? Waliouliza swali la kwanza walipata kwato nzima. Waliouliza la pili walipata singa nzuri juu ya ngozi iliyovimba.

Swali hilo linakuhusu na wewe. Unapochagua fahali wa boma lako, unatazama nini? Pembe na rangi? Au unatazama maziwa ya mama yake, kwato zake, na watoto aliokwisha kuzaa? Na katika maonyesho ya wilaya yenu, zawadi inatolewa kwa kitu gani? Chagua kwa uangalifu, kwa maana utakachokipa zawadi leo ndicho kitakachojaa zizini kesho, nacho hakiondoki upesi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja mambo manne anayotafuta mtu atakaye farasi wa kukokota.
2. Kwa nini Bakewell alikodisha madume yake badala ya kuyauza?
3. Wafugaji wa Suffolk walirekebishaje kasoro ya kwato?
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kosa la kutazama singa badala ya kutazama mfupa.
5. Zungumzeni: katika kijiji chenu, mfugo husifiwa kwa sababu gani? Je, sifa hiyo ina faida kwa mwenye mfugo na kwa mnyama mwenyewe?

MANENO YA KUKUMBUKA

Maksai: dume aliyehasiwa.
Nasaba: habari za ukoo, baba na mama na mababu.
Singa: nywele ndefu za mnyama, kama za shingo au mkia wa farasi.
Kwato: sehemu ngumu za chini ya miguu ya mnyama, ikiwa moja ni ukwato.

Andika majibu yako katika daftari kwa sentensi kamili, halafu msomee mwenzako.